Njano Iliyomo Jichoni

Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell, huko Buffalo katika jimbo la New York, alichapisha matokeo yaliyowashtua wataalamu wa macho. Aliwaweka panya weupe wa maabara chini ya taa za tyubu, mwanga wake ukiwa umechujwa ukabaki wa kijani, usio na joto la kuunguza wala miale ya urujuanimno. Baada ya saa 24 hivi, seli za kupokea mwanga ndani ya macho ya panya zilianza kufa, na hazikurudi tena. Panya aliyepandishwa joto la mwili aliharibika kwa muda mfupi zaidi. Jicho halikuungua. Kilichoua seli ni mwanga wa kawaida, ule ule ambao seli hizo zipo kwa ajili ya kuupokea.

Mwaka 1971 Noell alitoa taarifa nyingine: panya walionyimwa vitamini A walidhurika kidogo kuliko wenzao waliokula wakashiba. Mwaka 2000 watafiti wa Zurich wakaukamilisha ushahidi kwa panya wasio na jeni iitwayo RPE65, ambao hawawezi kuunda rodopsini, yaani rangi inayonasa mwanga ndani ya seli. Mwanga mkali uliowaharibu panya wa kawaida haukuwagusa hao. Molekuli inayotuwezesha kuona ndiyo inayoanzisha uharibifu.

Naanzia hapa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya lishe ya macho hapa kwetu huishia kwenye karoti na vitamini A, kana kwamba jicho lina hitaji moja tu. Sina ugomvi na vitamini A. Mtoto akiikosa hushindwa kuona jioni, kisha jicho hukauka, kisha konea hulainika na kuharibika kabisa. Matone wanayopewa watoto wetu kila miezi sita yana kazi ya maana. Lakini hiyo ni kazi ya kuwezesha kuona. Kazi ya kuilinda retina dhidi ya mwanga inaouona ni nyingine, ina vifaa vyake, na vifaa hivyo havipatikani kwenye karoti kwa kiasi cha kutegemewa.

Ukitaka kubuni tishu itakayoharibiwa na mwanga kwa urahisi, hutapata mfano bora kuliko retina yenyewe. Ncha za seli za kupokea mwanga zimejaa mafuta aina ya DHA, yale ya samaki, hadi karibu nusu ya asidi zote za mafuta zilizomo. Mafuta hayo yana mikunjo mingi katika molekuli zake. Mikunjo ndiyo inayoufanya utando wa seli uwe mwepesi wa kuitikia mwanga, na kila mkunjo pia ni mahali oksijeni inapoweza kushambulia. Na oksijeni haikosekani: nyuma ya retina kuna koroidi, ambayo ukipima kwa gramu, damu inayopita humo inazidi ile ya karibu kila kiungo cha mwili. Halafu lenzi inakusanya mwanga wote na kuulenga hapo hapo. Anayepita barabara ya Dodoma kwenda Singida huyaona mafuta ya alizeti kando ya lami, katika chupa angavu, yakipigwa na jua mchana kutwa. Mnunuzi mzoefu huomba atolewe yaliyokaa kivulini, maana ya juani huwahi kubadilika ladha na kutoa harufu. Kemia ya kwenye chupa ile ndiyo kemia ya kwenye retina, ila retina haina kivuli na haibadilishwi kila wiki.

Au tuseme inabadilishwa, lakini kwa namna yake. Mwaka 1967 Richard Young alionyesha kwamba seli za kupokea mwanga hujikata ncha na kuotesha sehemu mpya bila kukoma. Ncha nzima humalizika kufanywa upya kwa siku kumi hivi. Vipande vilivyokatwa humezwa na tabaka jeusi la seli lililo nyuma yake. Kijana wa miaka 20 hana shida, seli zake zinameza na kuyeyusha. Kadiri umri unavyokwenda, mabaki yasiyoyeyushika yanarundikana ndani ya seli hizo, nasi tunayaita lipofusini. Mabaki hayo yakipigwa na mwanga wa bluu huzalisha oksijeni kali inayoanza kula mafuta ya jirani. Molekuli iliyopoteza elektroni inamnyang'anya mwenzake, aliyenyang'anywa naye ananyang'anya, na mnyororo unaendelea mpaka kitu kiukate.

Vitu vinavyoukata mnyororo huo ndivyo tunavyoviita antioksidanti. Vitamini E hukaa ndani ya utando wa mafuta na kuukata mnyororo pale pale. Ikishatumika, vitamini C iliyo kwenye majimaji huirudishia nguvu. Kuna glutathioni ambayo mwili huiunda wenyewe, kuna vimeng'enya vinavyohitaji zinki na shaba ili vifanye kazi. Neno moja linalobandikwa kwenye makopo ya vidonge, "antioksidanti", limewakusanya wafanyakazi wasiofanana, kila mmoja na mahali pake pa kazi. Asiyejua nani anakaa wapi atalipa pesa nyingi kumleta mtu asiye na kazi hapo.

Mwaka 1985 Daniel Organisciak na wenzake huko Ohio walionyesha kwamba panya waliopewa vitamini C ya ziada, kisha wakawekwa kwenye mwanga mkali, waliokoa seli nyingi kuliko wenzao. Habari hiyo hunukuliwa sana na wauzaji. Kisichonukuliwa ni kwamba kinga ilifanya kazi pale vitamini ilipotolewa kabla ya mwanga. Ikitolewa baada ya mwanga kumaliza kazi yake, haikusaidia. Kingine kisichonukuliwa: panya huunda vitamini C yake mwenyewe katika ini, sisi hatuwezi. Na kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote, la John Penn na Robert Anderson, waliolea panya kwenye mwanga hafifu na wengine kwenye mwanga mkali tangu wakiwa wadogo. Waliolelewa kwenye mwanga mkali walikuwa na vitamini C, vitamini E na glutathioni nyingi zaidi ndani ya retina, na ulipokuja mwanga wa kuumiza walihimili vizuri zaidi. Retina ilikuwa imejiandaa yenyewe, polepole, kwa kilichokuwemo mwilini.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuuzia kinga ya macho si kama dawa yake ina antioksidanti. Muulize ni antioksidanti ipi, inafika sehemu gani ya jicho, na inatakiwa iwe imefika lini.

Katikati ya retina ya binadamu kuna doa la njano, upana wake kama milimita tano, na katikati ya doa hilo ndipo tunaposomea, tunapotambua sura ya mtu, tunapotunga uzi kwenye sindano. Linaitwa makula. Mwaka 1945 George Wald, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1967, alieleza kwamba njano ile ni ya jamii ya karotenoidi, rangi zinazotengenezwa na mimea. Mwaka 1985 Richard Bone na John Landrum wa Florida wakazitaja kwa majina: luteini na zeaksanthini. Damu ya binadamu hubeba karotenoidi zaidi ya kumi kutoka kwenye chakula. Makula huchagua hizo mbili tu na kuzilimbikiza kwa wingi unaozidi sana ule wa kwenye damu. Beta-karotini ya karoti, viazi lishe na maembe, iliyojaa kwenye damu hiyo hiyo, karibu haionekani kabisa ndani ya retina.

Mwili hauwezi kuunda hata chembe ya luteini. Nyani waliolishwa chakula kisicho na karotenoidi hizi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, walikuwa na makula isiyo na njano. Na njano hiyo imewekwa mahali pa akili sana, mbele ya seli za kupokea mwanga, ili mwanga wa bluu upunguzwe kabla haujazifikia. Hunyonya zaidi mwanga wa urefu wa nanomita 460 hivi, bluu ile ambayo William Ham alionyesha mwaka 1976, kwa nyani, kuwa ndiyo inayoijeruhi retina kwa nguvu ndogo kuliko rangi nyingine. Juu ya kuchuja, luteini na zeaksanthini zinauzima uchokozi wa oksijeni papo hapo. Mwaka 2002 kundi la Kathleen Dorey na Lauren Thomson liliwalisha kware zeaksanthini kisha likawaweka kwenye mwanga mkali: kadiri zeaksanthini ilivyokuwa nyingi ndani ya retina, ndivyo seli chache zilivyokufa.

Mpaka hapo ni panya, nyani na kware. Kwa binadamu ushahidi unakuwa mwembamba zaidi, na mimi nadhani wengi wetu tulio kwenye fani tumeusema kwa sauti kubwa kuliko unavyostahili.

Jaribio kubwa la kwanza liitwalo AREDS liliendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani na kutoa majibu mwaka 2001. Washiriki walipewa vitamini C miligramu 500, vitamini E uniti 400, beta-karotini miligramu 15, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2 kila siku, au kidonge kisicho na kitu. Kwa waliokwisha kuwa na ugonjwa wa makula wa uzeeni wa kiwango cha kati, au ugonjwa uliokomaa katika jicho moja, hatari ya kufikia hatua mbaya katika miaka mitano ilishuka kutoka 28% hadi 20%. Hilo ni jambo la maana kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja. Kwa wasio na ugonjwa, au wenye dalili za mwanzo tu, hapakuonekana faida. Mtoto wa jicho haukuguswa. Ukiangalia vizuri utaona kwamba jaribio halikupima kinga dhidi ya mwanga hata kidogo; lilipima mwendo wa ugonjwa ulioanza.

Halafu kuna ile beta-karotini. Tayari mwaka 1994 utafiti wa Finland kwa wavutaji sigara 29,133 ulikuwa umeonyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa 18% zaidi. Jaribio jingine la Marekani, CARET, lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu ya mwelekeo ule ule. Kitu kinachoitwa antioksidanti, kikiwa kingi, ndani ya pafu lenye moshi na oksijeni nyingi, kiligeuka kuwa mchochezi. Ndiyo maana jaribio la pili, AREDS2, lililotoa majibu mwaka 2013, liliweka luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Matokeo ya jumla hayakuonyesha faida mpya juu ya dawa ya awali, wala mafuta ya samaki kwenye kidonge hayakusaidia. Lakini saratani ya mapafu ilitokea kwa 2.0% ya waliopewa beta-karotini dhidi ya 0.9% ya wasiopewa, na wengi wa waliougua walikuwa wameshaacha sigara zamani. Ufuatiliaji wa miaka kumi, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba luteini na zeaksanthini zilipunguza kufikia hatua mbaya kwa 15% zikilinganishwa na beta-karotini. Ile iliyokuwa na mahali pake ndani ya jicho ikaishinda ile isiyo na mahali.

Mzee mmoja mstaafu aliniletea kopo alilotumiwa na mwanawe kutoka ng'ambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Hii niendelee nayo au niache? Kijana anasema ni ya macho."

Nikavaa miwani nikasoma lebo. Mbele picha ya jicho la bluu, maneno ya kinga dhidi ya jua na simu. Nyuma, kwa herufi ndogo kama chawa, orodha ya vitu kumi na kitu: luteini miligramu 6, dondoo za matunda ya porini ya Ulaya, na katikati yake beta-karotini miligramu 15.

"Mzee, sigara unavuta?"

"Nilishaacha, mwanangu. Tangu mama yao yuko hai."

Nikamwambia aache lile kopo. Akanikazia macho kidogo, maana aliulizwa habari ya sigara na daktari wa macho, na jibu zuri alilotoa ndilo lililomkosesha dawa. Nilimpima; makula zake zote mbili zilikuwa safi, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amempima kabla hajaanza kumeza. Mwanawe hakufanya kosa lolote, lebo ndiyo iliyokosea kutosema dawa hiyo ni ya nani.

Sasa turudi kwenye mwanga. Je, kuna utafiti uliouliza swali lenyewe, yaani kama mtu mwenye antioksidanti chache huumizwa zaidi na jua? Upo, na unastahili kusomwa polepole. Unaitwa EUREYE, uliwahusisha watu wa miaka 65 na zaidi katika vituo saba vya Ulaya, kuanzia Bergen na Tallinn hadi Alicante na Thessaloniki. Astrid Fletcher na wenzake, katika taarifa ya mwaka 2008, walikadiria mwanga wa bluu ambao kila mtu alikuwa ameupokea maishani, wakapima vitamini na karotenoidi kwenye damu yake, wakapiga picha retina. Kwa jumla, hakukuwa na uhusiano kati ya jua na ugonjwa wa makula. Lakini walipowatenga wale wenye kiwango cha chini kabisa cha vitamini C, vitamini E na zeaksanthini kwenye damu, uhusiano ulijitokeza: kwa hao, jua jingi liliambatana na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa kuvuja damu kwenye makula.

Ndivyo hasa ungetarajia kama panya wa Penn na Anderson wana la kutufundisha. Hata hivyo sitaki kuupa utafiti huo uzito usio wake. Mtu wa miaka 70 anayeulizwa alifanya kazi nje saa ngapi akiwa na miaka 30 atajibu kwa kukisia. Damu ilipimwa mara moja. Na mtu mwenye vitamini chache kwenye damu mara nyingi ndiye pia mvuta sigara, ndiye asiye na kipato, ndiye asiyekwenda hospitali. Walikuwepo wengine kabla yao: mwaka 1992 uchunguzi wa wavuvi 838 wa Ghuba ya Chesapeake, Maryland, uligundua kwamba wenye ugonjwa uliokomaa walikuwa wamepigwa na mwanga wa bluu zaidi katika miaka 20 iliyotangulia. Wengine waliotafuta uhusiano huo hawakuupata. Mimi nasimama na jibu la EUREYE: mwanga pekee hautoshi kuleta ugonjwa, ila unapomkuta mtu aliyepungukiwa, una nafasi.

Na sisi tulio karibu na Ikweta? Kwa muda mrefu ilisemwa ugonjwa wa makula ni wa Wazungu. Dk. Wanjiku Mathenge na wenzake waliupima Nakuru, Kenya, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, na taarifa yao ya mwaka 2013 ilisema 11.2% walikuwa na hatua ya mwanzo na 1.2% hatua iliyokomaa. Si ugonjwa wa kwanza kwetu. Mtoto wa jicho bado ndio unaoongoza kwa kupofusha. Ila upo, na watu wetu sasa wanaishi hadi umri wa kuupata.

Upande wa chakula tuna bahati tusiyoijua. Mwaka 1994 Johanna Seddon na wenzake nchini Marekani waliripoti kwamba waliokula karotenoidi nyingi zaidi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa makula uliokomaa pungufu kwa 43% kuliko waliokula chache zaidi, na mboga zilizojitokeza ni spinachi pamoja na majani ambayo Wamarekani Weusi wa kusini huyapika kwa saa nyingi. Majani hayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Spinachi iliyopikwa ina miligramu 11 hivi za luteini na zeaksanthini katika kila gramu 100, yaani karibu sawa na kidonge cha AREDS2. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu: rangi ya njano imo humo yote, imefunikwa na ukijani tu.

Ila kuila si kuipata. Luteini huyeyuka kwenye mafuta, na mwaka 2004 huko Iowa walipowapa watu saladi yenye mchuzi usio na mafuta, karibu hakuna karotenoidi iliyoingia kwenye damu. Mpishi wa Tanga anayemimina tui zito kwenye kisamvu, kwa jambo hili, yuko mbele ya mtu wa jijini anayechemsha mchicha kwa maji matupu kwa sababu anaogopa mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Kupika hakuiharibu luteini sana, tena huilegeza itoke kwenye jani. Kinachopotea ni vitamini C, hasa mboga ikiwekwa magadi ili ilainike haraka na kubaki kijani. Kwa hiyo magadi yakae kwenye mlenda kama lazima, na vitamini C itafutwe kwenye pera, chungwa au ubuyu. Mboga za kukaushwa nazo zianikwe kivulini, kwa sababu jua linaloanika jani huiteketeza pia ile njano.

Yai lina luteini kidogo, robo miligramu hivi kwenye kiini kimoja, lakini imekaa ndani ya mafuta yake na huingia mwilini vizuri kuliko ya kwenye jani. Hapa kuna jambo la kutazama kwa karibu. Vunja yai la kuku wa kienyeji aliyekula majani na wadudu, kisha vunja la kuku wa kisasa aliyelishwa pumba za mahindi meupe. La kwanza lina kiini cha njano iliyoiva, la pili limepauka. Tofauti ile ya rangi, kwa sehemu kubwa, ni luteini na zeaksanthini, na ndiyo maana wafugaji wakubwa huongeza rangi kwenye chakula cha kuku. Usiongozwe na macho peke yake dukani, kwa kuwa zipo rangi za kutiwa ambazo hupendezesha kiini bila kuwa karotenoidi za makula.

Na mahindi. Mahindi ya njano ni miongoni mwa vyanzo vizuri vya zeaksanthini, na sisi tumeyakataa. Watu wazima wa Tanzania wanaukumbuka unga wa msaada wa miaka ya njaa, ulioitwa yanga kwa rangi yake. Ulikuja na foleni, ulikaa meli na maghala kabla ya kufika, ulinuka, na aliyeula alionekana ameshindwa maisha. Chuki ile ilikuwa ya haki kwa unga ule. Lakini ilihamia kwenye rangi, na mpaka leo ugali lazima uwe mweupe, mahindi ya njano ni ya kuku. Kuku ndiye anayebaki na zeaksanthini. Watafiti wa viazi lishe, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na Howarth Bouis wa HarvestPlus. Wale watatu waliwashawishi wakulima wa Uganda na Msumbiji wakubali kiazi chenye rangi. Kiazi kile kimejaa beta-karotini, kwa hiyo ni cha vitamini A. Mahindi ya njano hayajapata watetezi wa namna hiyo kwetu, na sidhani yatawapata mpaka kizazi cha foleni kipite.

Kuna mambo ambayo chakula hakiyagusi, na lazima yasemwe wazi. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Aliyetazama bila kichujio hakuwa na kinga yoyote hata kama alikula matembele tangu utotoni. Jua likitazamwa moja kwa moja huijeruhi makula kwa muda mfupi, bila maumivu, kwa kuwa retina haina neva za maumivu. Mtu hugundua kesho yake kwamba kuna kivuli katikati ya kila anachokiangalia. Baadhi hupona kwa miezi, wengine hubaki nacho. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa kuanzia kusini mwa Hispania kupitia Luxor, Jeddah na Makka hadi pembe ya Somalia, na ndugu zetu wengi watakuwa chini ya kivuli hicho. Vichujio vya kupatwa kwa jua ndivyo vya kununua.

Fundi wa kuchomelea anayevaa miwani ya jua ya barabarani naye asidanganyike. Miale ya urujuanimno humkamata kwenye konea, ndiyo ile hali ya macho kujaa mchanga usiku, na hupona. Bluu ya cheche hupita mpaka kwenye retina. Anahitaji kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi cha kiwango cha kazi hiyo. Mtu mwenye ualbino anahitaji kofia pana na miwani ya kuzuia mwanga kwa sababu jicho lake halina melanini ya kutosha kuuzuia, lakini uoni wake hafifu umetokana na jinsi kitovu cha makula kilivyoumbika kabla hajazaliwa. Anayemuuzia luteini kwa ahadi ya kurejesha uoni anamwibia.

Simu nitaipitia haraka, maana imeshapewa kurasa nyingi kuliko inavyostahili. Mwanga wa kioo chake ni hafifu mno ukilinganisha na anga ya mchana unayoitazama ukienda dukani. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kwamba miwani ya kuchuja bluu yumkini haipunguzi uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta. Simu inaharibu usingizi, hilo ni suala jingine.

Kwa aliyevuka miaka 50 nina maagizo mafupi. Akapimwe retina kwa kupanuliwa mboni, maana vidonge vya AREDS2 vina wa kuvimeza na wasio na haja navyo, na hilo huamuliwa na kilichoonekana nyuma ya jicho. Kiwango kikubwa cha zinki kinaweza kuleta upungufu wa shaba na damu, ndiyo maana shaba iliongezwa humo. Vitamini E nayo si ya kuchezea: huko Boston mwaka 1993, wagonjwa wa retina ya kurithi waliopewa uniti 400 walielekea kupoteza uwezo wa retina haraka kuliko wasiopewa. Sigara iachwe, hakuna mboga inayoifidia. Na kila wiki afumbe jicho moja, atazame kwa lingine mistari iliyonyooka, fremu ya dirisha au vigae vya ukutani, kisha abadilishe. Siku mistari itakapoonekana imepinda ghafla, aende kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Ugonjwa wa kuvuja damu kwenye makula una sindano ya kuchomwa ndani ya jicho, bevacizumab na wenzake, inayofanya kazi vizuri ikiwahiwa, na mchicha wakati huo hauna tena la kufanya.